Magurudumu ya Jumapili, Magurudumu ya Jumatatu

Wengi wetu hukumbuka kwamba gari lina matairi siku ile tairi linapopasuka. Siku nyingine zote tunaisifu rangi, tunaisikiliza injini na kupangusa vioo. Matairi tunayaachia vumbi lake. Jumapili hii nakuomba ufuatane nami hadi mahali ambapo tairi ni jambo la kwanza kuulizwa na la mwisho kukaguliwa. Mahali penyewe ni milima ya Eifel, magharibi ya Ujerumani, penye uwanja wa mbio za magari uitwao Nürburgring.

Uwanja huu una desturi ambayo ni nadra kuikuta kwingine. Katika siku zilizotengwa, mtu wa kawaida mwenye gari la kawaida anaruhusiwa kulipa ada langoni na kuingia katika njia ile ile waliyoipita mabingwa wa dunia. Anaingia na gari linalompeleka kazini na kuwapeleka watoto wake shule, na jioni hana budi kurudi nyumbani nalo likiwa zima. Hapo ndipo linapozuka swali lililonipeleka huko: je, gari moja linalotakiwa kutumika barabarani na uwanjani lifungwe rimu na matairi ya kipimo gani?

Usidhani kwamba swali hili ni la matajiri wa Ulaya peke yao. Kabla hatujamaliza safari utaona kwamba linakuhusu hata wewe unayeendesha gari la mtumba kati ya Ubungo na Kariakoo.

NJIANI KUELEKEA MILIMANI

Mwenyeji wangu ni Mtanzania mzaliwa wa Tanga, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja mjini Köln, mtu wa miaka arobaini na ushei. Ana mke, binti wa miaka saba, na gari moja: Toyota GT86, gari dogo la milango miwili lililoanza kuuzwa mwaka 2012. Kiti chake cha nyuma ni chembamba, lakini mtoto hukaa.

"Mdogo wangu," aliniambia tulipokuwa tukifunga mikanda, "usilione limechongoka ukadhani ni gari la starehe. Hili ndilo daladala la nyumbani kwangu."

Kutoka Köln hadi Nürburg ni mwendo wa kilomita zipatazo 90 kuelekea kusini. Ukishaipita Bonn unaiacha barabara kuu na kulifuata bonde la mto Ahr, ambako mizabibu imepandwa juu ya miteremko mikali kwa mistari iliyonyooka. Ni bonde zuri, lakini linabeba msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021 mto ule ulifurika, ukaua watu zaidi ya 130 na kuzoa nyumba, madaraja na reli. Katika siku zile uwanja wa mbio, ambao uko juu milimani, uligeuzwa kuwa kambi ya waokoaji na ghala la misaada. Kwa hiyo wenyeji wa bonde hawautazami uwanja huo kama mahali pa anasa tu. Wapo waliovaa nguo na kula chakula kilichopitia pale.

Baada ya mji mdogo wa Adenau barabara hupanda msituni. Miti husogea karibu, hewa hupoa, na punde si punde unaliona gofu la ngome ya Nürburg, lililojengwa katika karne ya 12, limesimama juu ya kilima kama mlinzi aliyesahauliwa zamuni. Chini ya kilima hicho kuna kijiji kidogo, na kukizunguka kijiji ndiyo njia yenyewe.

UWANJA ULIOZALIWA NA SHIDA

Historia ya mahali hapa ingestahili makala ya peke yake. Miaka ya 1920 Eifel ilikuwa nchi ya wakulima maskini na watu wasio na ajira. Mkuu wa wilaya ya Adenau, Otto Creutz, alipigania mradi wa kujenga njia ya mbio ili watu wapate kazi, na ili mashindano ya magari yaondolewe katika barabara za vijiji ambako yalihatarisha maisha. Ujenzi ulianza mwaka 1925, na mnamo Juni 1927 njia ikafunguliwa ikiwa na urefu wa kilomita 28 na ushei. Mashindano ya kwanza ya magari yalishindwa na Rudolf Caracciola. Tangu mwaka ule ule raia waliruhusiwa kuipita kwa magari yao kwa kulipa ada.

Sehemu inayotumiwa na raia leo ni ile ya kaskazini, yenye urefu wa kilomita 20.8 na kona 73. Njia hushuka bondeni na kupanda milimani, na tofauti kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa ni kama mita 300. Mvua yaweza kunyesha upande mmoja huku upande wa pili jua likiwaka. Mwaka 1976 bingwa Niki Lauda aliungua vibaya hapa baada ya gari lake kugonga ukingo na kushika moto, na tangu siku hiyo magari ya Formula One hayakushindana tena katika njia hii ndefu.

Lakini kwa habari yetu ya leo, kisa kikubwa zaidi ni cha mwaka 1957. Muargentina Juan Manuel Fangio, aliyekuwa na umri wa miaka 46, aliamua kuanza mashindano na nusu tangi ya mafuta na matairi laini, akijua kwamba katikati itambidi asimame kujaza mafuta na kubadili matairi. Wapinzani wake Mike Hawthorn na Peter Collins walichukua matairi magumu ili wasisimame kabisa. Fangio aliposimama, mafundi wake walichelewa, akarudi njiani akiwa nyuma kwa zaidi ya nusu dakika. Akavunja rekodi ya mzunguko mara baada ya mara, akawapita wote wawili katika mzunguko wa kabla ya ule wa mwisho, akashinda na kutwaa ubingwa wake wa tano wa dunia. Injini haikutosha kumpa ushindi ule. Alishinda kwa sababu aliyachagua matairi yake kwa kuwaza safari nzima tangu mwanzo hadi mwisho.

SOMO LA UBAVUNI

Tulipofika katika uwanja wa kuegesha magari nilikuta mamia ya watu wameinama. Huyu anapima upepo, yule anakaza nati, mwingine anapapasa mpira kwa kiganja kama daktari anayetafuta homa. Mwenyeji wangu alichuchumaa kando ya gari la jirani lililokuwa aina moja na lake, lenye magurudumu ya kiwandani, akanionyesha maandishi yaliyo ubavuni: 215/45R17 87W.

"Hii ndiyo hati ya kuzaliwa ya tairi," alisema. "Asiyeweza kuisoma hununua rangi nyeusi tu."

Nami nakufikishia somo lile, msomaji, kama nilivyolipokea. Namba ya kwanza, 215, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 45, ni kimo cha ubavu, si kwa milimita bali kwa asilimia ya ule upana. Asilimia 45 ya 215 ni karibu milimita 97. Herufi R yaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Halafu 87 ni alama ya uzito, nayo maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 545. Herufi W ni mwendo wa mwisho ambao tairi limeundwa kuustahimili, yaani kilomita 270 kwa saa. Herufi H ni kilomita 210, na T ni kilomita 190.

Sasa fanya hesabu ndogo. Chukua ubavu wa juu na ubavu wa chini, ujumlishe na kipenyo cha rimu ambacho ni milimita 432. Utapata kwamba gurudumu zima lina kimo cha milimita 625. Namba hii haiandikwi popote juu ya tairi, lakini ndiyo mama wa namba zote. Mshale wa mwendo kwenye dashibodi, breki zinazojizuia zisikwame na giaboksi, vyote vilipangwa kwa kuamini kwamba gurudumu lina kimo hicho. Ukiweka gurudumu refu zaidi, mshale utakudanganya: utasoma 100 nawe umeshapita. Ndiyo maana mafundi makini hutafuta kipimo kipya kisichoachana na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia moja au mbili.

Upo pia upana wa rimu, ambao haumo katika maandishi ya tairi. Gari hili lilitoka kiwandani na rimu za inchi 7. Tairi la 215/45 hukubali rimu ya inchi 7 hadi 8. Ukilibana katika rimu nyembamba ubavu huvimba na kuyumba, na ukilitanua kupita kiasi ubavu hulala na kuiacha rimu bila kinga. Mwisho kuna kipimo kinachoandikwa ET, yaani umbali kati ya katikati ya rimu na ule uso unaokaa kwenye kitovu cha gurudumu. Kikipungua, gurudumu hutokeza nje kuelekea madigadi. Kikizidi, huingia ndani kuelekea springi.

"Hicho cha mwisho," mwenyeji wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "ndicho kilichotaka kunifunza kwa bakora."

KISA CHA SHIMO LA MBWEHA

Miaka miwili nyuma, mwenyeji wangu alitamani rimu za inchi 18. Aliziona zikiuzwa, zimekwisha kutumika kidogo, nyeusi zenye kung'aa, upana wake inchi 8 na nusu na ET 35, zikiwa na matairi ya 225/40R18. Muuzaji alimhakikishia kwamba zitakaa. Naye alizifunga, akazunguka mtaani, akaona kweli zimekaa. Gari likapendeza. Majirani wakasimama kulitazama. Wiki nzima alilitumia kwenda kazini na kumpeleka binti yake shule, na Jumapili akaja nalo hapa.

Laiti angekaa chini na kalamu! Rimu ile ilikuwa pana kuliko ya kwanza kwa inchi moja na nusu, yaani kila upande uliongezeka milimita 19. Tena ET yake ilipungua kutoka 48 hadi 35, yaani gurudumu zima lilisogea nje kwa milimita 13. Jumla, ukingo wa nje ulitokeza kwa milimita 32. Na kimo cha gurudumu kilipanda kutoka milimita 625 hadi 637. Gari likiwa limesimama hakuna lililoonekana, kwa kuwa springi zilikuwa zimenyooka.

Katika njia hii kuna mteremko uitwao Fuchsröhre, maana yake shimo la mbweha. Barabara huanguka moja kwa moja katikati ya msitu, gari hushika kasi, kisha chini kabisa njia hugeuka ghafula kuwa mwinuko. Mahali hapo gari zima hubanwa chini kana kwamba jitu limelikalia, na springi huingia hadi mwisho wake. Hapo ndipo aliposikia mlio kama wa msumeno kutoka nyuma, na harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Aliachia mafuta, akawasha taa ya kulia, akajikokota pembezoni hadi langoni huku wengine wakimpita.

Alipolivua gurudumu alikuta ukingo wa madigadi umelichonga bega la tairi pande zote mbili za nyuma, kiasi cha nyuzi kuanza kuonekana. Siyo hilo tu. Kulikuwa na michubuko mingine, ya zamani kidogo, iliyokwisha kupata vumbi. Maana yake tairi lilikuwa limeanza kusugua tangu mjini, kila alipopita juu ya tuta huku amepakia watu.

"Nilirudi nyumbani juu ya lori la kuvuta magari," alisema. "Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: 'Baba, Ijumaa ulimpeleka mtoto kwa tairi hili hili?' Mdogo wangu, mpaka leo sina jibu la swali lile."

HESABU YA PILI

Tangu siku hiyo alianza upya, na safari hii alianza na kazi ambazo gari lilitakiwa kuzifanya. Aliziandika katika karatasi. Siku 28 za mwezi gari ni la barabarani: mvua, baridi, vipande vya barabara vilivyochimbika, mtoto nyuma. Siku moja au mbili tu ni la uwanjani. Basi kipimo kitakachochaguliwa ni lazima kiitumikie kwanza siku ya Jumatatu, kisha ndipo kiipe Jumapili haki yake.

Rimu za inchi 18 alizikataa kabisa. Rimu ikikua na kimo cha gurudumu kikibaki pale pale, kinachopungua ni ubavu wa tairi, na ubavu ndio mto unaolinda rimu isipigwe na shimo. Tena rimu kubwa aghalabu ni nzito zaidi, na uzito wa gurudumu hauchukuliwi na springi. Kila kilo inayoongezeka hapo hulifanya gurudumu lichelewe kushuka na kushika njia baada ya kuruka. Na tairi lake huwa ghali zaidi.

Alifikiria pia matairi mapana ya 245/40R17. Hayo kimo chake ni milimita 628, karibu sawa na cha kiwandani, na wako wanaoyapenda kwa ajili ya uwanja. Lakini yanataka rimu ya inchi 8 hadi 9 na nusu. Zaidi ya hayo, tairi pana huelea juu ya maji upesi kuliko jembamba, kwa sababu lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kando. Watu hudhani upana huongeza sehemu kubwa ya mpira inayogusa barabara. Ukweli ni kwamba, upepo ukiwa ule ule, ukubwa wa sehemu hiyo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake, ambalo huwa pana na fupi. Umbo hilo husaidia kwenye kona penye lami kavu, na hugharimu penye dimbwi.

Mwisho alitua kwenye 225/45R17 juu ya rimu za inchi 8 zenye ET 45. Kimo ni milimita 634, ongezeko la asilimia 1.4. Ukingo wa nje ulitokeza kwa milimita 16 na wa ndani uliingia kwa milimita 10, na vyote viwili vikapata nafasi. Alama ya uzito ni 91, yaani kilo 615 kwa tairi, juu ya ile ya kiwandani. Yote manne ni ya kipimo kimoja ili aweze kuyabadilishana nafasi, kwani njia ya hapa huzunguka kwa mwendo wa saa na kona za kulia ni nyingi zaidi, kwa hiyo matairi ya kushoto ndiyo yanayofanya kazi kubwa na kuisha mapema.

Kisha akaenda kwa wakaguzi. Ujerumani huwezi kubadili kipimo cha magurudumu kwa hiari yako tu. Kipimo kisichokubaliwa huweza kulifutia gari lako kibali cha kutembea barabarani. Mkaguzi hulipandisha gurudumu moja juu ya kipandio ili springi ibanwe kabisa, halafu hutazama kwa kurunzi kama tairi linagusa kitu. Ni lile jaribio ambalo Shimo la Mbweha lilikuwa limemfanyia bila kumwomba ruhusa.

TUNAINGIA

Kabla ya kuingia alipima upepo: baa 2.3 kila gurudumu, yaani paundi 33 hivi. Alikaza nati kwa spana yenye kipimo, akatoa kila kitu kilichokuwa huru ndani ya gari, pamoja na kikalio cha mtoto. Nilikiona kikilazwa juu ya nyasi kando ya begi letu, na sikuweza kuacha kukitazama.

Langoni unaweka kadi, kizuizi kinapanda, nawe uko ndani. Sheria za barabarani za Ujerumani zinaendelea kutumika: kupita ni kwa kushoto tu, na mwenye mwendo mdogo hukaa kulia. Hakuna nafasi ya kukosea, kwa kuwa mahali pengi kingo za chuma ziko karibu sana na lami, na anayeigonga huletewa hesabu ya kuitengeneza.

Mwanzo nilishika mlango kwa mikono miwili. Njia hupinda kabla hujamaliza pindo la kwanza. Hupanda, hukuficha mbele, kisha hukutupa upande usioutazamia. Mwenyeji wangu hakukimbia. Alikuwa akisikiliza. Tulipofika Fuchsröhre hakusema neno. Miti ikawa ukuta wa kijani, tumbo likanipanda, kisha chini kabisa tukabanwa vitini kama magunia. Nilitega masikio. Hapakuwa na mlio wala harufu. Tulikuwa tumekwisha kuanza kupanda upande wa pili ndipo aliposhusha pumzi, nami nikatambua kwamba alikuwa ameizuia tangu juu ya mteremko.

Tulilipita daraja la Breidscheid, tukapanda hadi kwenye kona ya zege iliyolala ubavu iitwayo Karussell, tukaifikia sehemu ya juu kabisa penye jina la mlima Hohe Acht, na baada ya dakika kama kumi na mbili tukawa tumerudi langoni. Alipima tena upepo: baa 2.7. Joto lilikuwa limeupandisha. Alinieleza kwamba wanaozunguka mara nyingi huupunguza upepo uwanjani ili usizidi, na hilo si kosa. Kosa ni kusahau kuujaza tena jioni. Tairi likipoa linabaki na upepo haba, na tairi lenye upepo haba likikimbizwa kwenye barabara kuu hujikunja ubavuni, hupata moto na hupasuka.

Tulikuwa bado tumesimama pale wingu lilipoifunika ngome, na watu wanaotoka wakaleta habari kwamba upande wa Adenau mvua imeanza. Magari mengine yaliendelea kuingia. Mwenyeji wangu alikuwa na tiketi ya mzunguko mwingine mfukoni. Aliyatazama matairi yake, akaitazama mbingu, akaokota kikalio cha mtoto na kukifunga mahali pake.

"Tiketi itangoja," alisema. "Kesho ni Jumatatu."

NYUMBANI KWETU

Nawe msomaji uliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Morogoro, huna Shimo la Mbweha, lakini unayo matuta na mashimo. Huenda gari lako linatumia matairi ya 195/65R15, kipimo kilicho katika magari mengi ya familia. Fundi atakushawishi uweke rimu za inchi 17 na matairi ya 205/50 ili gari "lisimame vizuri". Kimo cha gurudumu kitabaki karibu sawa, hilo ni kweli. Lakini ubavu utashuka kutoka milimita 127 hadi 102, yaani unaondoa karibu sentimita mbili na nusu za mto kati ya rimu yako na shimo la barabarani. Ukisikia rimu imepasuka au beringi imelia, usilaumu barabara peke yake.

Watazame wanaoshindana katika Ubingwa wa Dunia wa mbio za Rally, ambazo zetu za Safari zilizaliwa mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Penye lami, magari yao hufungwa rimu za inchi 18. Penye mawe na vumbi, magari yale yale hufungwa rimu za inchi 15 na matairi membamba yenye ubavu mrefu. Hao wanaweza kununua rimu yoyote duniani, nao wanaiacha barabara iwachagulie.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha yako, soma ubavu. Piga hesabu ya kimo. Hakikisha alama ya uzito na ya mwendo haishuki chini ya ile ya kiwandani. Tafuta zile tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019, na mpira uliozeeka huwa mgumu hata kama kashata zake bado ni ndefu. Gari likiwa limepakia familia nzima, lipitishe polepole juu ya tuta, kisha ushuke na kutazama ndani ya madigadi kama kuna alama mpya.

Jioni ile tulirudi Köln kwa mwendo wa pole katika mvua. Tulipofika, binti alikuja mbio mlangoni akauliza kama baba ameshinda. Mama yake hakuuliza kitu. Alichukua kurunzi, akazunguka gari, akainama kwenye kila gurudumu la nyuma, kisha akaingia ndani kututengea chakula.